ASIYECHAGUA NJIA YAKE HUPANGIWA BEI



Alfajiri yoyote ya miezi ya kiangazi, mtu akisimama kando ya barabara kuu mjini Karatu ataona mambo matatu. Ataona magari ya watalii yakipanda kwenda lango la Loduare, ili yawahi kushuka katika kreta ya Ngorongoro kabla jua halijawa kali. Ataona malori ya vitunguu yaliyotoka Mang'ola usiku, yakielekea Arusha na mengine mpaka wa Namanga. Na akiinua macho upande wa Oldeani ataona mashamba ya kahawa yakifuata mteremko wa mlima hadi yanapokutana na msitu. Mgeni akiyaona hayo atasema kwamba nchi hii ni tajiri, wala hatakuwa amekosea.

Lakini na tuulizane swali moja. Ni nani anayepanga bei ya safari ile, na ya gunia lile, na ya kahawa ile? Mara nyingi sana si mtu wa Karatu. Bei ya safari hupangwa na wakala aliye ng'ambo. Bei ya gunia hupangwa na dalali aliyesimama juu ya lori. Bei ya kahawa hutazamwa kwanza New York, kisha ndipo isikike Moshi. Sisi wenye udongo, maji na mlima huwa wa mwisho kuambiwa.

Tukilizungumza jambo hili mikutanoni, kila mtu huwa na wake wa kumlaumu. Huyu hulaumu madalali, yule hulaumu makampuni makubwa, wa tatu hulaumu serikali. Lawama nyingine zina haki yake na tutaendelea kuzisema. Lakini liko kosa moja ambalo ni letu wenyewe, na hakuna wa kulitengeneza ila sisi. Twaingia katika biashara bila kuchagua kwa njia gani tutawashinda wenzetu. Twalima kwa sababu jirani alilima, na twanunua gari kwa sababu binamu alinunua. Siku ya kuuza ikifika twapunguza bei, kwa kuwa hatuna jambo jingine la kumwambia mnunuzi.

Makampuni makubwa hayafanyi hivyo. Kabla ya kujenga hata choo, hukaa mezani yakaulizana: sisi tutashinda kwa nini? Michael Porter, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitoa kitabu mwaka 1980 juu ya jambo hili, na wakubwa wa makampuni wanakisoma mpaka leo. Ukiondoa maneno yake magumu, asemayo ni haya. Njia za kushinda katika biashara kwa asili ni tatu. Ya kwanza ni kuweza kutengeneza kitu kwa gharama ndogo kuliko mtu mwingine yeyote. Ya pili ni kutoa kitu ambacho mnunuzi anakiona tofauti na vingine vyote, naye yu radhi kukilipia zaidi. Ya tatu ni kuchagua kundi dogo la wanunuzi na kulihudumia kuliko anavyoweza mtu anayehudumia watu wote. Anayejaribu yote kwa mara moja, asema, hukwama katikati.

Haya si mageni kwetu. Watazame akina mama wauzao chai stendi. Mmoja huuza rahisi, kwa sababu hununua unga na sukari kwa gunia na wanawe humletea kuni. Wa pili huuza ghali kidogo, lakini chapati zake madereva huziulizia tangu Makuyuni. Wa tatu hufungua saa kumi usiku, wakati wengine wamelala, kwa ajili ya makondakta na wapakiaji peke yao. Wote watatu wanaishi. Wa nne anataka kuuza rahisi kama wa kwanza naye hununua unga kwa kilo, anataka sifa ya wa pili na chapati zake ni za jana, tena hufungua wakati ambapo kila mtu amefungua. Huyo wa nne hamalizi mwaka, na akifunga husema amerogwa.

Sasa tupande juu, tukaone jinsi wakubwa walivyochagua.

Hifadhi ya Ngorongoro ilianza mwaka 1959, na mwaka 1979 UNESCO iliitia Ngorongoro katika orodha ya urithi wa dunia. Kreta ni ile ile kwa kila mtu. Simba hamtambui mgeni aliyelipa nyingi na aliyelipa kidogo, na faru hatoki kwa sababu gari lako ni jipya. Basi kampuni haziwezi kushindana kwa mnyama. Zimebidi kushindana kwa mambo mengine: mgeni alale wapi, ale nini, afuatane na nani, asumbuke kiasi gani.

Miaka ya 1970 mwanzoni, shirika la utalii la serikali lilijenga hoteli juu ya ukingo, yenye vyumba vingi vinavyotazama bondeni, kwa ajili ya wageni wanaosafiri kwa makundi. Hiyo ilikuwa njia moja, nayo ilikuwa na maana yake kwa wakati wake. Mwaka 1997 kampuni moja kutoka Afrika Kusini, ambayo leo yaitwa andBeyond, iliijenga upya Crater Lodge kwenye ukingo huo huo. Ilijenga vyumba 30 tu. Mtu yeyote mwenye penseli angeuliza kwa nini wasijenge 100 mahali pazuri namna ile. Jibu ni kwamba walikwisha kuchagua mgeni wao: mtu anayelipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja, ambaye hataki kupanga mstari mbele ya sahani. Vyumba 70 vya nyongeza vingemfukuza mtu huyo. Kwa hiyo walikataa faida ya leo ili wasiipoteze ya kesho.

Hapa Karatu chini pia pana mfano, tena wa zamani kuliko huo. Gibb's Farm ilikuwa shamba la kahawa lililoanzishwa na Mjerumani mnamo 1929, na baada ya vita akalinunua James Gibb mwaka 1948. Mwaka 1972 wenye shamba walianza kupokea wageni wa kulala. Nyumba yao haiko ukingoni, wala mtu hawezi kuiona kreta akiwa kitandani. Wangeweza kulia kwamba wako mbali. Walichofanya ni kuuza kile ambacho ukingoni hakipo: shamba lenyewe, mboga zinazotoka bustanini kwenda mezani, kahawa iliyovunwa na kukaangwa pale pale, na njia ya miguu ya kuingia msituni. Upungufu wao waliugeuza kuwa bidhaa. Mwanzilishi wa shamba alikuwa mlowezi, na historia ya walowezi katika nchi hii twaijua sote, lakini akili ya biashara haina rangi, na mwenye haja huchukua somo lilipo.

Kisha lami ikafika. Barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliifanya Karatu kuwa mahali pa kulala mgeni asiyetaka gharama za ukingoni. Kambi za mahema na nyumba za wageni zikaota kila upande. Nyingi ni za wananchi, nalo ni jambo la kujivunia. Lakini ukizitembelea kumi, nane utaziona ni kitu kimoja: ukuta ule ule, chakula kile kile, hata majina yanakaribiana. Wakala wa ng'ambo akiuliza kwa nini amlaze mgeni wake kwako na si kwa jirani, jibu ni moja tu: mimi nitapunguza. Na jirani naye atapunguza.

Ndugu, kupunguza bei si dhambi. Ni njia ya kwanza kati ya zile tatu. Lakini njia hiyo ina mwenyewe, naye ni yule mwenye gharama ndogo kwa kweli. Chukua biashara ya kushusha wageni kreta. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari moja likishuka hutozwa dola 250 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, liwe limejaa au halikujaa. Kampuni kubwa yenye wageni wengi hujaza watu sita, na kila mmoja hubeba kiasi cha dola 42. Kijana wetu mwenye gari moja, aliyepata wageni wawili kwa bahati, kila mgeni wake hubeba dola 125. Kampuni kubwa ina karakana yake, hununua matairi kwa wingi, na pengine ina hoteli zake njia nzima. Kijana huyo akitangaza kwamba yeye ndiye wa bei ya chini kuliko wote, atapata wapi tofauti ile?

Ataipata mahali pawili. Kwanza ataitoa katika mshahara wa mpishi na wa msaidizi wake, atawaambia wategemee bahasha ya mgeni. Pili ataitoa katika gari lenyewe: breki ataitengeneza mwezi ujao, matairi ataendelea nayo. Siku gari likimfia katika mteremko wa kreta mbele ya wageni, jina lake limekwisha, na mkopo wa benki bado. Gazeti hili halioni kwamba kumpunja mfanyakazi ni mbinu ya biashara. Ni kukopa kwa mtu asiyeweza kukunyima.

Kijana huyo huyo ana kitu ambacho kampuni kubwa haina. Amezaliwa Rhotia au Endabash. Anakijua Kiiraqw, anajua shamba lipi lina vitunguu na lini mavuno yanaanza, anajua ndege wa bonde lao kwa majina ya bibi yake. Wapo wageni, si wengi, wanaokuja kwa ajili ya ndege tu, au kwa ajili ya kutembea kwa miguu mashambani, au walimu na wanafunzi wanaotaka kujifunza. Kampuni yenye magari 60 haiwezi kujisumbua na watu wanane wa namna hiyo. Yeye aweza. Hiyo ndiyo njia ya tatu, na kwa mtu mdogo mara nyingi ndiyo yenye mlango ulio wazi.

Hata taifa zima liliwahi kujifunza somo hili kwa uchungu. Kabla ya 1977, wageni wengi walishuka Nairobi, wakaja Serengeti na Ngorongoro kwa magari ya makampuni ya huko, na wakarudi huko huko na fedha zao. Tulikuwa tumefungua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971 ili tuwapokee wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Katika miaka ile wageni walipungua sana, na mahoteli ya kaskazini yakabaki na vitanda vitupu. Tulimzuia mshindani mlangoni kabla hatujajenga sababu ya mgeni kuja kwetu moja kwa moja. Baadaye, katika Sera ya Utalii ya 1999, taifa lilichagua kwa maneno wazi kuwa na wageni wachache wanaolipa vizuri kuliko umati unaolipa kidogo. Uchaguzi huo ni njia ya pili. Basi kila mmoja wetu anayeuza Ngorongoro kwa bei ya kutupa anaubomoa ukuta ambao taifa linaujenga.

Sasa tushuke Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi.

Vitunguu vya Mang'ola vina jina. Muulize muuzaji yeyote wa Kilombero, Arusha, naye atakuambia. Chemchemi za bonde lile huwezesha watu kulima hata wakati ambapo mkulima wa mvua ameweka jembe. Huo ni ushindi uliokwisha kutolewa na Mungu: kuwa na mzigo sokoni wakati mwingine hana. Lakini tunaufanyia nini? Twachanganya vikubwa na vidogo, vilivyokauka na vibichi, tukavishindilia katika gunia mpaka likaota kichwa, hilo tuliitalo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na gunia halipaswi kupita kilo 100. Hata hivyo dalali hulidai, nasi hulishona. Mkulima aliyesimamia maji usiku, akapalilia, akavuna, humpa dalali kilo za bure kwa sindano na uzi wake mwenyewe.

Kwa nini tunakubali? Wengine watajibu kwamba mwenye njaa hachagui. Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu, na deni la mbolea, na vitunguu vinavyoanza kuoza, atauza kwa bei yoyote siku ya Jumamosi. Ndiyo maana twasema kwamba uchaguzi haufanywi siku lori limefika. Siku hiyo umekwisha kuchelewa. Uchaguzi hufanywa miezi mingi kabla, mkutanoni, watu wakiwa wameshiba: tutapanda mbegu gani ya aina moja, nani atajenga banda la kukaushia na kuhifadhia, mizani itakaa wapi, na tutakopeshana vipi ili asiyeweza kungoja wiki tatu aweze kungoja. Mtu mmoja hawezi kukataa lumbesa, kwa sababu lori litakwenda kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa, lori halina pa kwenda. Iringa na Singida nao wana vitunguu, ni kweli, lakini wiki ambazo maji ya Mang'ola yanatoa mavuno na kwingine kumekauka, dalali hana budi kusimama kwenye mizani yetu.

Na maji yenyewe tuyatunze. Chemchemi zikikauka kwa kulima kupita kiasi, au zikawa chanzo cha ugomvi baina yetu na wafugaji na Wahadzabe waliokuwapo hapo kabla yetu sote, hakuna mbinu itakayotuokoa. Atumiaye ushindi wake mpaka ukaisha hakuwa na ushindi, alikuwa na bahati.

Tutoe na onyo, kwa kuwa njia ya tatu ina mtego wake. Wakulima wa Karatu hulima mbaazi pamoja na mahindi, na mbaazi nyingi za nchi hii zilikuwa zikienda India. Tulikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, tukamtegemea kama mtoto amtegemeavyo mama. Mwezi wa Agosti 2017, baada ya wakulima wake wenyewe kuvuna kwa wingi, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitakazoingia kwake kutoka nje. Bei huku ikaanguka vibaya, na magunia yakakaa majumbani. Mwaka 2021 India ililegeza, bei zikapata nafuu, na wengi wetu tukasahau. Kuchagua kundi dogo la wanunuzi ni jambo la akili. Kumtegemea mnunuzi mmoja peke yake ni kumpa mtu mwingine ufunguo wa ghala lako.

Juu ya kahawa tutasema machache. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka kwa mkulima wa Oldeani sawasawa na kwa mkulima wa Brazil. Mwenye kuuza kahawa ya kawaida hushindana na Brazil yenye mashamba makubwa na mashine za kuvunia. Hapo njia ya kwanza imekwisha kufungwa. Sisi tuna udongo wa volkano, baridi ya mlima na mikono inayochuma punje nyekundu peke yake. Basi tuuze hivyo. Wachaga waliona mbali. Waliungana mwaka 1925 wakati walowezi hawakutaka kumwona Mwafrika akilima kahawa, na mwaka 1933 umoja wao ukawa KNCU, wakauza kwa sauti moja mali ambayo kila mmoja peke yake asingesikilizwa. Makosa ya vyama vya ushirika vya baadaye twayajua, na wezi wake twawajua. Lakini hatuvunji jembe kwa sababu mtu mmoja aliliiba.

Kwa hiyo twaomba jambo moja, tena dogo. Kabla ya msimu ujao, kila chama cha ushirika, kila kikundi cha vijana wenye magari, kila familia yenye nyumba ya wageni, wakae chini na kujibu maswali manne, wayaandike katika daftari. Mnunuzi wetu ni nani hasa? Kwa nini aje kwetu na si kwa jirani? Ni kitu gani tutakataa kukifanya, hata kikitupa fedha leo? Na mnunuzi huyo akituacha kesho, wa pili ni nani?

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo litakaloonyesha nani amechagua na nani amesema tu. Crater Lodge ilikataa vyumba 70. Mama wa chapati alikataa kuuza za jana. Mang'ola itakataa nini?

Lori litafika msimu ujao kama lilivyofika msimu huu. Heri likute tumekwisha kuamua.